Nairobi ya Bure Ipo, Lakini Chunga Zile Mia Mia

Ijumaa jioni swali huwa ni lile lile: "Wikendi mko na form gani?" Kila mtu anachomoa simu, anaangalia salio, anairudisha mfukoni, halafu anasema, "Aki mimi nitalala tu."

Jibu hilo tunalisikia hata hapa kwetu ofisini, na hatulicheki. Kodi imelipwa, tokeni za stima zimenunuliwa, chama kimechukua chake, na mwezi bado una siku kumi na mbili mbele. Ukiwa na hesabu kama hiyo, kutembea na kuona mji kunasikika kama mambo ya watu wengine.

Lakini tuna maoni yetu na tutayasema wazi. Wengi wetu Nairobi hatukosi pesa ya kuuona mji wetu. Tunachokosa ni mpango. Na kwa kuwa hatuna mpango, siku ile tunayotoka tunatumia mara nne ya tulichodhani, kisha tunakaa miezi mitatu bila kutoka tena.

Tunasema hivi tukijua vizuri sisi ni kampuni ya malipo. Ukilipa, nasi tunapata riziki. Pengine ulitarajia tukwambie utoke ukalipe zaidi. Hapana. Mteja anayeishiwa tarehe kumi na nane kila mwezi hajisaidii, na sisi pia hatusaidii. Tungependa ukae nasi miaka mingi, na kila ukiangalia salio ukute kitu.

Safari iliyongoja mshahara

Mwenzetu mmoja wa huduma kwa wateja alitembelewa na mamake kutoka Kitui miaka kadhaa iliyopita. Mama alikuja kwa ajili ya kliniki, akakaa wiki mbili. Jioni moja akiwa anahesabu pesa zake za nauli ya kurudi, alinyoosha noti mezani akauliza, "Na hili jumba la kwenye noti, liko wapi hapa Nairobi?"

Jumba lenyewe ni KICC. Ukitazama noti zetu mpya zilizotoka 2019, utaliona kwenye kila moja, kuanzia ile ya hamsini hadi ya elfu.

Mwenzetu akamjibu mamake, "Ngoja mshahara uingie, Mama, nikupeleke vizuri." Na alikuwa na nia njema kabisa. Alitaka teksi ya kutoka nyumbani, kupanda hadi juu ya paa, chakula cha mchana mahali penye vitambaa vya meza, na picha za kuonyesha watu wa kanisa kule nyumbani. Alipiga hesabu ikafika elfu sita na zaidi. Mshahara ulichelewa, mama akapanda gari la Kitui, wakaahidiana mara nyingine.

Mara nyingine haijafika. Siku hizi magoti ya mama hayamruhusu kutembea mbali, na safari ya kuja Nairobi ni ya kwenda hospitali na kurudi. Mwenzetu alituambia jambo hili bila kulia, akiwa anakunywa chai, lakini sote tulinyamaza. KICC unaweza kuliona bure ukiwa umesimama barabarani. Nauli ya watu wawili siku ile haingezidi mia tatu.

Hapo ndipo tulipoanza kujiuliza: ni mambo mangapi tumeyaahirisha tukingoja pesa, kumbe hayakuhitaji pesa nyingi hivyo?

Tulitembea wenyewe tukaone

Hatukutaka kuandika mambo ya kusikia. Jumamosi moja watatu wetu tulivaa viatu vya chini, tukapatana Kencom saa nne asubuhi. Njia tuliyofuata ni hii, na hakuna hata mahali pamoja kati ya hapa tulipolipia kiingilio.

*KICC, ukiwa nje.* Jumba hili lilimalizika 1973. Walilichora Karl Henrik Nøstvik wa Norway na Mkenya David Mutiso. Lina ghorofa 28. Kupanda juu ni kwa kulipia, lakini kulitazama kutoka City Hall Way hakuna anayekutoza. Toa noti yako uilinganishe na jumba lenyewe. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini tuliufurahia.

*Tom Mboya, Moi Avenue.* Sanamu yake imesimama hapo tangu 2011. Wengi wetu huipita tukikimbilia matatu, au tunaitumia kama mahali pa kungojana: "Niko hapo kwa Mboya." Mboya alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 kwenye barabara hii hii, wakati huo ikiitwa Government Road, akiwa waziri, akiwa na miaka 38. Simama dakika mbili. Wengi wetu tuko karibu kufika umri huo, na bado tunasema tutaanza maisha kesho.

*Dedan Kimathi, Kimathi Street.* Unapita Mama Ngina Street na dakika chache tu uko hapo. Alinyongwa Februari 18, 1957, na sanamu ikazinduliwa tarehe hiyo hiyo mwaka 2007, miaka hamsini kamili baadaye. Mkononi ana bunduki na kisu.

*Askari wa Kenyatta Avenue.* Hii ndiyo iliyotushangaza zaidi. Ni sanamu za watu watatu za mwaka 1928, za kuwakumbuka Waafrika na Waarabu waliotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mmoja wao si mpiganaji, ni mpagazi. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Kikosi cha wapagazi hao kiliitwa Carrier Corps, na kutokana na jina hilo ndipo tukapata Kariokor. Kwa hivyo ukisikia makanga akiita "Kariokor, Kariokor, mbao," anatamka jina la watu hao bila yeye mwenyewe kujua.

*Banda Street na Muindi Mbingu Street.* Hapa kuna maktaba ya McMillan ya mwaka 1931, yenye simba wawili wa mawe mlangoni, na kando yake Msikiti wa Jamia wenye makuba ya rangi ya fedha. Tulivitazama kutoka nje. Ukienda mbele kidogo unaingia City Market, ambako unaweza kutembea kati ya maua, vikapu na vinyago bila kununua. Jibu la heshima ni "Asante, leo natazama tu," na unaendelea.

*Jeevanjee.* Bustani hii iko katikati ya majengo, na viti vyake havikosi watu. Wahubiri wako hapo, wanasiasa wa mtaani wanabishana bei ya unga, wengine wamelala kwenye nyasi gazeti likiwa usoni. Tulikaa nusu saa tukisikiliza mjadala kuhusu kaunti, na enyewe ulikuwa mzuri kuliko wa televisheni.

*Alliance Française.* Kutoka Jeevanjee ni mwendo wa dakika tano. Kuna maonyesho ya picha na michoro ya wasanii, mengi ya Wakenya, na kuyatazama ni bure. Tulidhani tungeulizwa kama sisi ni wanafunzi wa Kifaransa. Walinzi walikagua begi tu, tukapita.

*Uhuru Park.* Tulimalizia hapo, miguu ikiwa imechoka, tukala chapati tulizobeba. Hapa ndipo katiba ya sasa ilipotangazwa rasmi Agosti 27, 2010.

Safari yote ilituchukua karibu saa tano, pamoja na kukaa kaa. Na kati ya kituo kimoja na kingine kuna maonyesho mengine ambayo hatukuyaweka kwenye orodha: nganya. Simama kando salama pale zinapopakia uangalie michoro. Mtu ametumia pesa nyingi kuchora basi hilo, na wewe unalitazama bure.

Kama Jumamosi haikufai, Jumapili nenda City Park kule Parklands. Kuna miti mikubwa, kuna nyani wadogo ambao wataiba ndizi yako usipoangalia, na kuna makaburi ya Pio Gama Pinto, aliyeuawa Februari 1965, na Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. Watu wawili waliokuwa marafiki, na wamelala karibu karibu.

Bure hii ililipiwa

Kuna watu hudharau kitu cha bure. "Kama ni ya bure, basi haina maana." Tunakataa.

Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua kuupinga. Alitukanwa bungeni, akaambiwa ni mwanamke asiye na adabu. Mpango ulikufa, bustani ikabaki. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula kwenye kona ya bustani hiyo hiyo wakidai wana wao waachiliwe. Walipigwa na polisi. Kona hiyo leo inaitwa Freedom Corner.

Jeevanjee nayo ilitolewa kwa wakazi wa mji na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Mwaka 1991 ilikuwa karibu kugeuzwa maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza kelele za kuipinga hadi mpango ukaachwa. Karura nayo, Januari 1999, Maathai na wenzake walipigwa wakijaribu kupanda miti mahali ambapo msitu ulikuwa umegawiwa watu wa kujenga.

Kwa hivyo unapoingia Uhuru Park bila kulipa, usidhani hakuna aliyelipa. Kiingilio chako kililipwa zamani, na waliokilipa hawakutumia pesa. Kilichobaki ni wewe kwenda. Na bustani isiyo na watu ni rahisi sana kunyakuliwa. Nani atapiga kelele mahali ambapo hakuna aliyewahi kupeleka mtoto wake?

Sasa, zile mia mia

Tumesema hatukulipia kiingilio mahali popote. Basi jioni ile mwenzetu mmoja alifungua meseji za simu yake akajumlisha. Alikuwa ametoka nyumbani akisema, "Leo ni bure, nitatumia nauli tu." Hesabu ilisoma hivi:

- Nauli ya kwenda: 80
- Nauli ya kurudi, jioni, na mvua imeanza: 150
- Maji ya chupa, mara mbili: 120
- Chipsi kuku na soda, baada ya kukataa chapati zetu: 550
- Picha tatu za mpiga picha wa bustanini: 300
- Bangili: 400
- Njugu na smokie: 80
- Ada za kutoa na kutuma pesa: 60

Jumla: shilingi 1,740. Kwa siku ya bure.

Angalia vizuri hiyo orodha. Hakuna kitu kimoja pale cha kumfanya mtu ashtuke. Ni mia hapa, mia pale. Hizo ndizo zinazotufanya tuamini kutembea ni ghali, halafu tunalaumu mji. Mji haukumtoza hata senti moja.

Wiki tatu baadaye tulirudia njia ile ile, sasa tukiwa na mpango. Hesabu ya mwenzetu yule yule: nauli ya kwenda na kurudi 160, kwa sababu tuliondoka saa tisa kabla ya msongamano. Chakula cha kibandani 150. Njugu 20. Maji kutoka nyumbani. Na shilingi 100 za kitu chochote ambacho roho ingependa, akanunua aiskrimu. Jumla: 430. Alifurahia zaidi mara ya pili kuliko ya kwanza, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo.

Panga kabla ya kupanda matatu

Haya ndiyo tuliyojifunza, na mengi yanahusu simu yako zaidi ya miguu yako.

*Nauli ya kurudi iweke kando kwanza.* Kabla ya kutoka nyumbani, hamishia nauli ya kurudi kwenye akiba yako ya simu, au uibebe kama noti kwenye mfuko usioufungua. Nairobi mvua ikinyesha nauli hupanda, kwa hivyo iweke mara mbili ya kawaida. Isipotumika, ni yako.

*Chagua kiwango, ukiandike.* Si kichwani. Andika kwenye simu: "Leo 500." Kila ukilipa, punguza. Ikifika mia, siku imeisha vizuri.

*Jiwekee pesa kidogo ya kujifurahisha.* Ukijinyima kila kitu, utachoka saa saba mchana ukaenda kununua kitu cha elfu moja kwa hasira. Mia moja au mia mbili za kujifurahisha zinakulinda.

*Usikope ili utembee.* Hapa hatutazunguka. Mkopo wa simu ni wa dharura: mtoto mgonjwa, gari limekuacha usiku. Chipsi si dharura. Ukikopa mia tano Jumamosi, Jumatatu mshahara unaanza ukiwa na deni na ada yake juu. Tunaona watu wakikopa kila wikendi kulipa wikendi iliyopita, na hatutaki uwe mmoja wao, hata kama mkopo huo unatoka kwetu.

*Lipa kwa till badala ya kutoa.* Kwa kawaida mteja hakatwi ada akilipa kwa till, lakini ukitoa pesa kwa wakala unakatwa. Ukitoa kidogo kidogo mara tatu, unakatwa mara tatu. Beba sarafu na noti ndogo chache za choo cha umma na njugu, yale mengine lipa kwa till. Angalia viwango vya ada kwenye programu yako kabla ya kutoka, kwa sababu hubadilika.

*Mkiwa kikundi, achangishe mmoja.* Kila mtu atume mchango wake mara moja, kabla ya safari, kwa mtu mmoja mnayemwamini. Yeye ndiye atakayelipa. Inapunguza ada, na inaondoa yale maneno ya "nitakurudishia baadaye" ambayo yamevunja urafiki mwingi.

*Subiri jina kabla ya kuweka PIN.* Mahali pengi pa serikali panapotoza kiingilio siku hizi hulipiwa kupitia eCitizen. Mtu akisimama langoni akakuambia utume kiingilio kwa nambari yake binafsi, simama. Uliza risiti. Jina linalotokea kwenye simu lisipolingana na mahali ulipo, usiendelee.

*Mpiga picha: bei kwanza, picha baadaye.* Wapiga picha wa bustani wanatafuta riziki kama sisi, na picha zao ni nzuri. Lakini kubaliana naye ni picha ngapi na kwa pesa ngapi kabla hujatabasamu. Akikupiga kumi bila kuuliza, si deni lako.

*Simu si ya kushikwa kando ya barabara.* Ukitaka kulipa au kupiga picha tao, ingia dukani au geuka uegemee ukuta. PIN isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Na kabla hujapiga picha majengo ya usalama au Ikulu, usipige kabisa.

Jioni ukirudi, soma meseji za malipo za siku hiyo, zijumlishe. Inachukua dakika tatu. Hakuna somo la pesa tunaloweza kukupa linaloshinda hilo.

Kwa wale wanaosema "lakini"

"Lakini tao kuna wezi." Wapo, hatudanganyi. Ndiyo maana tunaenda mchana, tukiwa wawili au watatu, bila mikufu, tukiwa na pesa kidogo. Hata hivyo, watu maelfu kwa maelfu hupita Moi Avenue kila siku wakienda kazini, na wewe labda ni mmoja wao. Kama unaweza kuipita Jumatatu ukiwa na haraka, unaweza kuipita Jumamosi bila haraka.

"Lakini hakuna cha kuona." Hii tunaikataa kabisa. Mgeni analipa tiketi ya ndege, anafika hapa na kitabu mkononi, anasimama mbele ya sanamu ya Kimathi akisoma. Sisi tunamzunguka tukikimbia. Tunajua bei ya basi la kwenda Dubai kwenye ndoto zetu, lakini hatujui ni nani aliyezikwa City Park.

"Lakini matembezi ya bure ni ya watu masikini." Pole, hapana. Tulioketi nao Jeevanjee walikuwa na viatu vya kila aina. Kiti cha bustani hakiulizi salio.

Kuna "lakini" moja tunayoikubali. Si kila mahali pa umma ni bure, na bei hazijulikani kila mara. Arboretum, Karura, bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7 pale mahali balozi ya Marekani ilipolipuliwa 1998, na sehemu za makumbusho zina ada. Si kubwa kwa raia, lakini mtu aliyetoka Kayole na mia tatu na watoto wawili anahitaji kuijua ada hiyo kabla hajapanda gari, si akiwa amesimama langoni mtoto akimvuta mkono. Maoni yetu ni kwamba kila mahali pa umma pangeandika kiingilio nje kwa herufi kubwa, pamoja na njia halali ya kulipa. Na pale pasipo kiingilio, paandikwe pia: BURE. Watu wengi hugeuka langoni kwa kuogopa kuulizwa pesa ambayo hakuna aliyetaka kuwaitisha.

Jumamosi hii

Tunarudi kwa yule mama wa Kitui. Mwezi uliopita mwenzetu alimpigia simu ya video akiwa amesimama City Hall Way, saa nne asubuhi, jua likiwa limetulia. Alishika noti ya mia mkono mmoja na simu mkono mwingine, sisi tukiwa tumemzunguka ili asinyang'anywe. Mama alitazama kwa muda, akasema, "Kumbe ni refu hivyo." Halafu akauliza, "Na huko chini mnauza nini?" Akacheka, mwenzetu naye akacheka, simu ikakatika kwa kuisha bando.

Si sawa na kusimama pale yeye mwenyewe. Mwenzetu anajua, na sisi tunajua. Lakini baada ya pale alitugeukia akasema kaka yake mdogo anakuja Desemba, na safari hii hangoji mshahara.

Wewe nawe kuna mtu umemwambia "ngoja nipate pesa." Labda ni mtoto, labda ni mke au mume, labda ni mzazi aliyekuja kwa kliniki. Usimwahidi kikubwa. Chukua mia tano, weka nauli ya kurudi kando, jaza chupa ya maji, mfunge chapati kwenye karatasi. Mpatane Kencom. Sisi tukikupita hapo Jeevanjee, tutakusalimia.